Kibutsi au moshavi: chungu kimoja, au kila nyumba na jiko lake?

Kila kikundi kinachochanga fedha kununua shamba hufikia usiku mmoja mgumu. Ardhi imeshapatikana, karatasi za mauziano zinaandikwa, kisha mmoja anauliza: tutalima pamoja tugawane mavuno, au kila mtu apewe kipande chake tushirikiane kwenye mbegu, trekta na soko? Nimekaa katika vikao vya namna hiyo, na karibu kila mara husimama mtu akasema, "Tufanye kama kibutsi cha Waisraeli." Ni nadra kusikia anayetaja moshavi, ilhali moshavi na kibutsi ni ndugu wa tumbo moja, na vikundi vingi vinaitafuta moshavi bila kuijua kwa jina.

Kibutsi kwa Kiebrania ni mkusanyiko, na moshavi ni makazi: kwenye kibutsi shamba na mfuko ni vya wote, kwenye moshavi kila kaya ina kipande na mapato yake, na ushirikiano uko kwenye kununua na kuuza. Neno la kwanza limetuangukia vizuri kwenye ngeli ya KI-VI, kwa hiyo wingi wake nitaandika vibutsi.

Familia moja, vijiji viwili

Oktoba 1910, wanaume kumi na wanawake wawili walihamia Umm Juni, kusini mwa Ziwa la Galilaya, pale Mto Yordani unapotokea. Palestina ilikuwa bado chini ya Waturuki. Ardhi ilikuwa imenunuliwa na Mfuko wa Taifa wa Kiyahudi, na vijana hao, wahamiaji kutoka Ulaya Mashariki, walikuwa wamechoka kulima kwa ujira huku msimamizi amewasimamia mgongoni. Walitaka shamba lisilo na nyapara. Makazi yao waliyaita Degania, jina litokanalo na neno la nafaka, nayo ndiyo huhesabiwa kuwa kibutsi cha kwanza.

Moshe Dayan, aliyekuja kuwa jenerali na waziri wa ulinzi wa Israeli, alizaliwa Degania mwaka 1915. Hakukulia hapo. Mwaka 1921 baba yake, Shmuel Dayan, mmoja wa watu wa mwanzo wa Degania, alikwenda na wenzake Bonde la Yezreeli kuanzisha Nahalal, moshavi ya kwanza. Usawa hawakuuacha. Walitaka kuuishi wakiwa na mlango wao wa kufunga, wanakula na watoto wao meza moja, wanakamua ng'ombe wao wenyewe. Hoja hiyo Eliezer Joffe, mmoja wa waasisi wa wazo la moshavi, alikuwa ameshaiandika mwaka 1919: ardhi iwe ya taifa, kazi ifanywe kwa mikono yako, majirani wasaidiane, kununua na kuuza kuwe kwa pamoja.

Ukiitazama Nahalal kutoka juu utaielewa moshavi kabla hujasoma kanuni yake. Msanifu Richard Kauffmann aliichora duara. Katikati yamekaa majengo ya wote, yamezungukwa na pete ya nyumba, na nyuma ya kila nyumba shamba lake linapanuka kuelekea nje kama kipande cha chungwa. Vipande ni sawa, na kila nyumba iko mbali na kitovu sawasawa na jirani yake. Kwenye kibutsi mchoro ni mwingine: nyumba zimejikusanya, bwalo la chakula liko katikati yake, na mashamba yote yako nje, hayana mpaka wa fulani na fulani.

Mfuko uko wapi?

Kwenye kibutsi cha asili mwanachama hapati mshahara. Anayeongoza kiwanda na anayeosha masufuria wanapata sawa: nyumba, chakula, mavazi, matibabu, masomo ya watoto na posho ndogo. Kanuni yao ni kwamba kila mtu atoe kadiri ya uwezo wake na apate kadiri ya haja yake. Mwanzoni hata nguo zilikuwa za wote. Ulipeleka chafu dobi, ukarudishiwa zinazokutosha, ambazo huenda wiki iliyopita zilivaliwa na mwingine. Baadaye ndipo kila mtu akawa na nguo zake, zimeandikwa namba.

Watu wa Pwani waliowahi kula kikoa wanaijua raha ya chakula cha zamu, kwamba hakuna anayepika kila siku na hakuna anayelala njaa. Lakini kikoa kina mwisho wake, kila mtu akarudi kwake. Bwalo la kibutsi lilikuwa asubuhi, mchana na jioni, maisha yote.

Miaka ya 1950 vibutsi vilijadili, tena kwa uzito, kama mwanachama aruhusiwe kuwa na birika lake chumbani. Wengi wakisikia hili leo wanaona ni jambo dogo. Mimi naona waliokataa walikuwa wanaona mbali. Ukiwa na birika utakunywa chai chumbani, ukishanywa chai chumbani hutakuja bwaloni jioni, na bwaloni ndiko watu walikotazamana usoni, wakagundua nani anaumwa, nani amenuna, nani hajaonekana siku tatu. Birika liliruhusiwa hatimaye. Likafuatwa na redio, friji na televisheni, na kila kimoja kilimvuta mtu hatua moja nje ya bwalo.

Mzozo mkubwa zaidi ulikuja na fidia za Ujerumani. Wanachama walionusurika maangamizi ya Wayahudi walianza kulipwa fedha kwa majina yao. Je, fedha ya mtu aliyepoteza wazazi wake kambini ni yake, au ya mfuko wa wote? Hakuna kanuni iliyoweza kulijibu swali hilo bila kumuumiza mtu. Kikundi chochote kinachosema "vyetu vyote ni vya wote" kijiulize mapema urithi wa mtu utakwenda wapi, na kiinua mgongo chake pia.

Kwenye moshavi mapato ni ya kaya. Maziwa na mayai yanapita kwenye ushirika wa kijiji, ushirika unakata gharama za chakula cha mifugo na mbegu ulizochukua, kinachobaki kinaingia kwenye hesabu yako. Aliyezoea chama cha msingi cha kahawa au pamba hatapotea hapa. Mwenye bidii anaonekana na mvivu anaonekana, na kila mmoja anakula alichopanda. Ubaya wake ni kwamba baada ya miaka ishirini vipande vilivyoanza sawa vina nyumba zisizo sawa.

Watoto

Hapa nitakaa zaidi, kwa sababu vikundi vingi hulisahau jambo hili kabisa, na nijuavyo mimi hakuna lililovibadilisha vibutsi kutoka ndani kuliko hili.

Katika vibutsi vingi, kwa miongo kadhaa, mtoto hakulala kwa wazazi wake. Alipelekwa nyumba ya watoto akiwa mchanga, akalala na rika lake, akalishwa na kuogeshwa na mlezi aliyepangiwa kazi hiyo. Mama alikwenda kunyonyesha kwa saa. Baada ya kazi za mchana, wazazi na watoto walikuwa pamoja saa chache, kisha mtoto akarudishwa kulala. Usiku mlinzi wa kike alipita nyumba hadi nyumba kusikiliza nani analia.

Walioanzisha utaratibu huo hawakuwa watu wakatili. Walitaka mwanamke awe huru kufanya kazi yoyote sawa na mwanamume, walitaka mtoto wa mwenye cheo na wa asiye na cheo walelewe sawa, na wakati wa mashambulizi walitaka watoto wote wawe mahali pamoja panapolindika. Wapo waliokulia humo wanaokumbuka utoto wenye ndugu wengi na michezo isiyoisha. Wapo pia wanaokumbuka giza, na umbali kati ya kitanda chao na mlango wa mama. Watafiti waliochunguza ndoa za vibutsi waligundua kwamba waliolelewa pamoja kundi moja tangu uchanga hawakuoana ila kwa nadra sana. Walikuwa wamekuwa ndugu.

Na yule mwanamke aliyeahidiwa uhuru? Wengi walijikuta jikoni, kwenye udobi na kwenye malezi, sasa wanapikia watu mia tatu badala ya watano na wanalea watoto wa wenzao huku watoto wao wenyewe wakilelewa na mwingine. Ni akina mama, zaidi ya yeyote, waliodai watoto warudi kulala nyumbani. Kibutsi kimoja baada ya kingine kilikubali, na cha mwisho, Baram, kiliacha utaratibu huo mwaka 1997.

Kwenye moshavi mtoto alilala kwao tangu siku ya kwanza. Lakini tusiipambe. Alikamua kabla ya shule, akaokota mayai baada ya shule, na mama yake alifanya kazi ya shamba na kazi ya nyumba bila bwalo la kumpunguzia sufuria. Kwa mwanamke, kibutsi kilitoa msaada wa kweli ambao moshavi haikuutoa. Nikiwa na kikundi chenye akina mama wengi ningechukua moshavi, nikaongeza kitalu cha watoto na jiko la mchana la pamoja.

Nani anaamua?

Kibutsi kiliamuliwa na mkutano mkuu, kwa kawaida Jumamosi usiku, mtu mmoja kura moja. Vyeo vilizunguka, katibu wa leo kesho yuko zizini. Kila jioni orodha ya kazi ilibandikwa, ukatazama umepangwa wapi kesho. Mkutano uliweza kuamua kama utakwenda chuo na utasomea nini. Kwa wengine hiyo ilikuwa shule ya demokrasia, kwa wengine ilikuwa kuishi mbele ya macho ya watu mwaka mzima. Siasa nayo iliingia hadi chumbani. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 vibutsi kadhaa vilipasuka katikati kwa sababu ya vyama, na Ein Harod, kilichoanzishwa mwaka 1921, kikawa vibutsi viwili vilivyokaa ubavu kwa ubavu.

Moshavi ina kamati ya kijiji, lakini utakachopanda ni shauri lako. Hili ndilo lililowafaa maelfu ya wahamiaji walioingia baada ya 1948 kutoka Yemen, Moroko na Iraki. Walikuja na koo zao, wazee wao na desturi za jikoni kwao, na bwalo la wageni lisingeweza kuwakalisha. Leo vibutsi ni kama 270, moshavi ni zaidi ya 400.

Deni

Mchuma janga hula na wa kwao. Methali hii ingefaa kubandikwa kwenye ukuta wa kila ushirika wa mikopo.

Miaka ya 1980 mwanzoni bei za vitu Israeli zilipanda kwa kasi ya kutisha, na mwaka 1984 mfumuko ulizidi asilimia 400. Vibutsi na moshavi vilikuwa vimekopa kujenga viwanda, nyumba na mabwalo, kwa mazoea kwamba deni huliwa na mfumuko. Mwaka 1985 serikali ilibana matumizi, mfumuko ukashuka, riba zikabaki juu, na deni ambalo jana lilikuwa linayeyuka likawa jiwe.

Kwenye kibutsi deni lilikuwa la wote moja kwa moja, kwa hiyo majadiliano na benki na serikali yalikuwa ya pamoja, yakaendelea hadi miaka ya 1990. Vijana waliona wazazi wao wamefanya kazi miaka arobaini na mfuko wa pensheni hautoshi, wakaondoka. Kwenye moshavi maumivu yalikuwa ya namna nyingine. Huko kila kaya ilikuwa imemdhamini jirani yake, kwa kuwa ndiyo ilikuwa maana ya kusaidiana. Mkulima aliyekopa kidogo na kulipa kwa wakati aliamka akidaiwa deni la aliyejenga mabanda asiyoyamudu. Mwaka 1992 ilibidi Bunge litunge sheria maalumu ya kupanga upya madeni ya wakulima hao, na ushirika wa moshavi nyingi haujawahi kurudi ulivyokuwa. Jirani akishakuponza hivyo, kuongea naye kisimani ni kazi.

Kwa hiyo ukichagua moshavi, usiichukue na dhamana isiyo na kikomo. Wekeni kiwango ambacho mtu hawezi kudhaminiwa zaidi yake, na kila mwezi hesabu zisomwe kwa sauti mbele ya wote. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Kibutsi kipi hasa unakisema?

Anayetaja kibutsi leo lazima aulizwe kipi, maana vingi si vile vya zamani. Baada ya msukosuko wa deni vilianza kulipa mishahara inayotofautiana kulingana na kazi, wanachama wakalipa bwalo, umeme na dobi, wakachangia kodi ya ndani inayowalinda wazee na wagonjwa. Degania yenyewe ilipiga kura ya kufuata njia hiyo mwaka 2007. Serikali ilikuwa imeshatambua mwaka 2005 aina tofauti: kibutsi cha ushirika kamili, na kibutsi "kinachojisasisha", ambacho ndicho kilicho kingi sasa. Ukikiangalia hicho cha pili kwa makini kinaikaribia moshavi kuliko Degania ya 1910.

Kibutsi kina nguvu moja ambayo moshavi haikuifikia: kinaweza kukusanya mtaji na watu kwa jambo moja kubwa. Mwaka 1965 kibutsi cha Hatzerim, katika jangwa la Negev, kilianzisha kampuni ya Netafim kwa uvumbuzi wa mhandisi Simcha Blass, umwagiliaji wa matone. Mipira yenye matundu inayolowesha shina la nyanya badala ya kumwagia shamba zima, ambayo mkulima wa Afrika Mashariki anaifahamu leo, ilipata umbo lake la kibiashara hapo. Kaya moja yenye kipande chake isingethubutu.

Kwenye kazi ya mikono, kibutsi na moshavi vyote viliteleza. Kanuni ya kulima wenyewe bila kuajiri vibarua ilivunjika, kwanza viwandani, kisha mashambani. Tangu miaka ya 1990 wafanyakazi wengi wa moshavi wanatoka Thailand. Vijana wetu nao huenda huko kwa mafunzo ya kilimo, na ni vyema ajuaye haya awaambie mapema kwamba mwanafunzi si mwanachama: atafanya kazi kwa ujira kwa mkulima au shamba la kibutsi. Wawili kati ya vijana wa Kitanzania waliokuwa mafunzoni waliuawa katika shambulio la Hamas la Oktoba 7, 2023, kwenye vibutsi vya karibu na Gaza. Walikwenda kujifunza ufugaji na kilimo. Siwezi kuandika juu ya vibutsi nikawapita kimya.

Ardhi ilikuwa ya nani?

Vijiji vyote viwili vimejengwa juu ya ardhi yenye historia ya watu wengine. Sehemu kubwa ya Bonde la Yezreeli ilinunuliwa kutoka kwa matajiri wa ukoo wa Sursock wa Beirut, ambao hawakuishi hapo, na wakulima Waarabu waliokuwa wakiilima waliondolewa. Baada ya vita vya 1948 vibutsi na moshavi nyingi zilipewa mashamba ya vijiji vya Wapalestina waliokimbia au kufukuzwa, na hawakuruhusiwa kurudi. Usawa wa ndani ya ua haukuvuka ua. Kikundi kinachonunua ekari mia kwa mtu anayeishi mjini kifike shambani kwanza, kiulize nani amelima hapa msimu uliopita.

Urithi

Mzazi wa kibutsi cha asili hana cha kurithisha, na anayeondoka huondoka na kidogo. Mzazi wa moshavi ana shamba, lakini halikatwi. Mtoto mmoja tu ndiye anayeendelea nalo, wengine watafute pa kwenda. Lengo ni kuzuia vipande visigeuke vitambaa, na kwa hilo walifaulu. Kwa mwenye watoto sita, hili si neno dogo, na limezaa kesi nyingi za ndugu.

Kwetu yalifikaje

Baada ya uhuru wa Tanganyika wataalamu wa Israeli walikuja kushauri makazi ya wakulima, na mfano waliouona unafaa ulikuwa karibu zaidi na moshavi. Makazi hayo ya serikali yaligharimu trekta na nyumba nyingi kuliko yalivyozalisha, na mwaka 1966 mpango ukasimamishwa. Wakati huohuo, Litowa karibu na Songea, watu wachache walikuwa wameanza wenyewe tangu 1960 kulima na kula kwa pamoja, wakazaa Ruvuma Development Association, chama cha vijiji kilichokuwa na mashine ya kusaga na shule yake. Kwa moyo wake Litowa ilikuwa jirani wa Degania bila kuiga. Serikali ilikivunja chama hicho Septemba 1969, na miaka michache baadaye watu walihamishwa vijijini kwa nguvu. Degania ilidumu kama ushirika kamili miaka karibu mia kwa sababu aliyetaka kutoka alitoka, na mkutano wake haukupokea amri ya bosi wa mkoa.

Ningechagua nini

Vijana kumi na wawili wasio na familia, wanaojuana miaka mingi, wenye wazo la kiwanda au mradi mmoja mkubwa: kibutsi, kwa mkataba wa miaka mitano, kisha wakae tena. Kaya ishirini zenye watoto na wazazi wa kutunza: moshavi, dhamana ikiwa na kikomo.

Ipo njia ya tatu ambayo haitajwi sana. Kfar Hittim, mwaka 1936, walianzisha moshavi ya ushirika: shamba ni moja na kazi ni ya pamoja kama kibutsi, lakini kila familia inakaa kwake, inapika kwake na kulala na watoto wake. Kwa mazao yanayotaka trekta na uwanda mpana, kama alizeti au mpunga, hii ndiyo ningeipendekeza kwa kikundi cha kwetu. Pato hawakuligawa kwa kazi ya mtu, waligawa kwa ukubwa wa familia. Mwenye watoto wanne na mwenye mmoja wasidhani wamekubaliana kwa kunyamaza. Jadilini hilo kabla mpima ardhi hajafika.